Mapigo ya Undertaker, Kutoka Embu Hadi Maua



Kama ulikulia kati ya Embu na Meru mwishoni mwa miaka ya 90 au mwanzoni mwa miaka ya 2000, huenda uliwahi kugombana na mtu juu ya mwanamieleka Undertaker. Hamkugombania nguvu zake, maana hizo hazikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa: anammalizaje mtu? Mmoja anaapa kwamba humgeuza kichwa chini miguu juu, akapiga magoti naye, kisha akamlaza na kumkunjia mikono kifuani kama maiti. Mwingine anaapa kwa jina la mama yake kwamba hapana, Undertaker huja na pikipiki, humbeba mtu mabegani, akamnyanyua tena juu zaidi, akamwachia aanguke kwa mgongo. Kila mmoja aliona kwa macho yake, na kila mmoja alisema kweli.

Tatizo lilikuwa kanda. Kanda za video zilitufikia bila mpangilio. Mtu alikwenda Nairobi, akarudi na kanda mbili chini ya kiti cha matatu. Zilishuka Embu, zikachezwa hadi watu wakazichoka, zikaazimwa Runyenjes, zikavuka kwenda Chuka, zikapanda Nkubu na Meru mjini, na zile zenye bahati zikaishia Maua, katika kibanda cha video ambako uliingia kwa sarafu na kukaa kwenye benchi isiyo na egemeo. Juu ya kanda palibandikwa karatasi yenye maandishi ya kalamu nene: WWF MPYA. Mpya, yaani imewasili juzi. Mieleka yenyewe inaweza kuwa ya 1992, na kanda ya pili, nayo mpya, ikawa ya 2001. Ukizitazama zote jioni moja unamwona mtu yule yule akiwa kijana, kisha mtu mzima, kisha kijana tena, na hakuna wa kukueleza.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mwenye deki alilijua vizuri kuliko sisi. Kila pambano lilipofika mwisho, watazamaji walipiga kelele, "Rudisha! Rudisha nyuma!" Akarudisha, mara mbili, mara tatu. Baada ya miezi michache kanda ikachakaa mahali pale pale pa pigo la mwisho. Pambano zima lilionekana safi, lakini Undertaker alipomkamata mtu ili ammalize, mistari myeupe ilipita kwenye kioo, picha ikayumba, na ilipotulia mtu alikuwa tayari chini akihesabiwa. Kuna vijana Maua ambao kwa mwaka mzima waliipigia makofi mistari myeupe.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Herufi hizo, WWF, kampuni ya mieleka ililazimika kuziacha Mei 2002, baada ya kushindwa mahakamani Uingereza na shirika la uhifadhi wa wanyama, lile lenye picha ya panda. Ikawa WWE. Sisi tulio jirani na Mbuga ya Meru, tunaoishi na ndovu wanaovunja ua, pengine tungepaswa kuwa upande wa panda. Lakini vijana hawakujali. Waliendelea kusema WWF kwa miaka mingi, na wapo wanaosema hivyo hadi leo.

Sasa turudi ulingoni. Katika mieleka ya kulipwa kila mwanamieleka ana pigo lake la kumalizia, finisha kama vijana wasemavyo. Akilipiga, mambo yamekwisha: mwamuzi anapiga sakafu mara tatu, kengele inalia. Watu wengi hudhani pigo hilo mtu huzaliwa nalo na kufa nalo. Mimi naona ukimfuata mwanamieleka miaka 20 au 30, pigo lake ndilo linalokueleza habari zake kuliko midomo yake na mikanda yake ya dhahabu. Litakuonyesha mwili wake umefika wapi, mwajiri wake anataka kumuuza kwa nani, na watazamaji wamezoea nini. Tena litakuonyesha jambo ambalo hatukuliona kwenye vile vibanda: pigo la kumalizia hutegemea anayepigwa kuliko anayepiga.

Najua kuna msikilizaji anayecheka saa hii, anasema, huyu bwana hajui kwamba mieleka hiyo ni maigizo? Nalijua. Mshindi hupangwa kabla watu hawajaingia ulingoni. Lakini hakuna anayeweza kupanga uzito. Mtu wa kilo 130 akiinuliwa kichwa chini, zile kilo 130 ni za kweli, na shingo iliyo chini yake ni ya kweli.

Tulitazame basi lile pigo la kwanza la Undertaker, Tombstone, yaani jiwe la kaburi. Mwenzake ananing'inia kichwa chini, tumbo kwa tumbo, uso ukiwa usawa wa magoti ya mpigaji, miguu ikipita juu ya bega. Undertaker amemzungushia mikono kiunoni. Kisha anapiga magoti, puu! Ukiwa kwenye benchi pale Maua unaapa kichwa kimegonga sakafu. Hakijagonga. Kichwa kimebanwa kati ya mapaja, na utosi umebaki juu kidogo ya usawa wa magoti. Magoti ndiyo yanayotua na kuutoa ule mshindo. Usalama wote uko kwenye upana wa vidole vichache, na anayeulinda upana huo si mpigaji peke yake. Anayepigwa naye lazima ajivute juu, aukaze mwili, amshike mwenzake kwa nguvu. Akilegea, anateremka. Akiteremka, utosi unatangulia magoti.

Pigo hilo Undertaker, jina lake halisi Mark Calaway wa Texas, alikuja nalo usiku wake wa kwanza katika kampuni ya WWF, Novemba 22, 1990. Alikuwa na miaka 25. Mrefu, mwekundu wa nywele, mkimya, hatembei bali anajikokota, akipigwa haonyeshi maumivu. Pigo liliendana na mhusika: mzika maiti anakugeuza kichwa chini, anakulaza, anakukunjia mikono. Hapo ndipo zilipozaliwa zile hadithi kwamba Undertaker amekufa mara saba na kufufuka, hadithi ambazo tulizipokea kwa wakubwa wetu na kuwapa wadogo zetu tukiwa tumeongeza chumvi.

Mmoja wa watu waliopigwa katika miaka hiyo alituhusu sisi wa Afrika Mashariki, au ndivyo tulivyoambiwa. Aliitwa Kamala, Jitu la Uganda. Uso umepakwa rangi, nyota na mwezi vimechorwa tumboni, ngozi ya chui kiunoni, anatembea pekupeku, hasemi lugha yoyote. Sasa fikiria unatazama hayo ukiwa Embu. Uganda tunaijua. Madereva wa malori wanakwenda na kurudi, tuna ndugu waliosoma Makerere. Mzee mmoja akauliza pale kibandani, kwa upole kabisa, "Huyu ni wa Uganda gani?" Alikuwa wa Mississippi. Jina lake James Harris, aliyewahi kuendesha lori, na huyo Kamala aliundwa Memphis mwaka 1982 pamoja na mwanamieleka Jerry Lawler.

Pigo la Kamala lilikuwa kujirusha juu ya mtu kwa tumbo lake lote, na alitangazwa kuwa na zaidi ya kilo 170. Lakini pigo lake la kweli, kwa maoni yangu, lilikuwa mzaha uliofuata. Alijifanya hajui kumalizia. Mtu amelala kifudifudi, Kamala anamkalia mgongoni na kusubiri kuhesabiwa, mwamuzi anakataa, msimamizi wake anahangaika nje ya kamba akionyesha kwa mikono: mgeuze, mgeuze chali! Wamarekani walicheka kwa sababu waliona mshenzi asiyejua kanuni. Sisi tulicheka pia, na kicheko chetu sijui kama kinatupa sifa. Novemba 1992 Undertaker alimshinda katika pambano la jeneza, ambalo mshindwa huishia kufungiwa ndani. Mwaka uliofuata kampuni ikambadilisha Kamala awe mtu mwema anayefundishwa ubinadamu, na hilo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Harris alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya kisukari, mguu mmoja 2011 na wa pili 2012, akafariki Agosti 2020 wakati wa korona. Uganda ilibaki jina lake la kazi hadi mwisho.

Sasa kwa nini Undertaker aliacha pigo ambalo dunia nzima ililijua? Mei 2000 alirejea baada ya kupona majeraha, akiwa na miaka 35, na mzika maiti hakuwepo tena. Alikuja na pikipiki, kitambaa kichwani, miwani ya jua. Mtu aliye hai haendi kukunja mikono ya watu kifuani. Hivyo Tombstone ikawekwa kando, ikaja Last Ride, safari ya mwisho. Hapa unambeba mtu mabegani akiwa amekukalia uso kwa uso, kisha, na hapa ndipo kazi ilipo, unamshika nguo kiunoni na kumsukuma juu zaidi hadi mikono yako inyooke, halafu unamwachia kwa mgongo. Kwa kazi ya misuli, lile ndilo pigo gumu kuliko yote aliyowahi kuyatumia. Lilihitaji mgongo na nyonga za mtu aliye katika kilele chake. Wale waliomwona kwanza kwa pikipiki walimwona akiwa na nguvu nyingi zaidi, na hawakujua kwamba wanatazama kilele.

Machi 2004 mzika maiti alirudi New York kupambana na mwanamieleka mwenzake Kane, na Tombstone ikarudi naye. Kwa hiyo kijana wa Embu aliyekuwa ameshindwa ubishi miaka miwili alipata haki yake, kama kanda ilimfikia.

Kisha likaja jambo ambalo lilituchanganya wengi. Mwaka 2008, Undertaker wa karibu miaka 43 akaanza kumaliza watu akiwa amelala chini yeye mwenyewe. Mwenzake yuko juu yake, unadhani ameshinda, kumbe Undertaker amepitisha mguu, muundi umekaa kooni, mikono inavuta kichwa kwenda chini. Ni kabari ya jujutsu, nao waliipa jina Hell's Gate, lango la jehanamu. Vijana waliolelewa na Tombstone walinung'unika. Mieleka gani hii ya kulala? Lakini angalia kinachodaiwa mwilini: hakuna kunyanyua, hakuna kupiga magoti. Mtu wa karibu kilo 140 amepata njia ya kushinda mgongo wake ukiwa umepumzika sakafuni. Kwa kabari hiyo alitwaa ubingwa kutoka kwa Edge Machi 30, 2008, na kwa kabari hiyo hiyo akamshinda Triple H Atlanta mwaka 2011, halafu akashindwa kusimama mwenyewe, akatolewa kwa kigari. Sehemu ya hayo ilikuwa maigizo, lakini yaliaminika bila taabu.

Kuna sababu nyingine ya mapigo kubadilika, na hii inatoka kwetu sisi watazamaji. Pigo la kumalizia linakuwa na thamani kwa sababu hakuna anayeinuka baada yake. Sasa, siku moja ya pambano kubwa, wanaamua bwana fulani aponyoke kabla ya hesabu kufika tatu, ili watu washtuke. Watu wanashtuka kweli. Aprili 2009 mjini Houston, Shawn Michaels alipigwa Tombstone na bado akainua bega kabla ya tatu. Kamera ikaonyesha uso wa Undertaker, macho yamemtoka. Ni mojawapo ya nyuso bora nilizowahi kuona kwenye televisheni, na sisemi kwa mieleka tu. Lakini thamani ya pigo ni kama ya noti: ukiitoa kwa wingi inanunua kidogo. Mwaka mmoja baadaye, wawili hao walipokutana tena na Michaels akiwa ameahidi kustaafu akishindwa, Tombstone ya kawaida haikutosha kumaliza. Michaels akainuka tena, akamzaba kofi. Ndipo Undertaker, miaka 45 siku chache tu zilizopita, akamgeuza kichwa chini, akaruka naye hewani kabla ya kutua magotini. Pigo lile lile, ila sasa lilidai malipo makubwa kutoka kwa magoti yaliyokuwa yamechoka.

Michaels mwenyewe ana historia ya kinyume. Alipoanza kupigana peke yake miaka ya 90, alimaliza watu kwa kuwabeba na kuwaangusha nyuma kwa mgongo, na teke la kidevuni lilikuwa la kumlegeza mtu tu, kuandaa njia. Taratibu teke likapanda cheo. Akaanza kukanyaga sakafu kwa mguu kabla ya kulipiga, na ukumbi mzima ukakanyaga naye. Alipoumia mgongo Januari 1998 na kukaa nje miaka minne, alirudi mwaka 2002 na teke lile. Kubeba watu kungemshinda. Bahati yake ilikuwa kwamba alikuwa amepandisha cheo pigo jepesi mapema.

Nikitafuta aliyebadilishwa na shingo, namwona Steve Austin. Tulimjua kama Stone Cold, upara na bia. Kabla ya hapo, mapema 1996, alikuwa na jina lisilokumbukwa, Ringmaster, na pigo la kuazima, kabari ya usingizi ya tajiri Ted DiBiase. Halikumfaa. Michael Hayes ndiye aliyempendekezea lile lililokuja kuitwa Stunner: teke la tumbo, mtu anainama, unamgeuzia mgongo, unakumbatia kichwa chake begani, unakaa chini ghafla. Basi. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulifanya, na walilifanya, kila wakati wa mapumziko.

Agosti 3, 1997, mpinzani wake Owen Hart alimgeuza Austin kichwa chini na, badala ya kupiga magoti, akakaa chini. Nimekueleza kuhusu ule upana wa vidole vichache. Siku hiyo haukuwepo. Austin alilala sakafuni asiweze kuinua mikono wala miguu kwa muda, na pambano likamalizwa kwa hila hafifu ili ashinde kama ilivyopangwa. Alipona, lakini baada ya hapo hakupigana tena kwa ustadi wa kukabana na kugeuzana; akawa mtu wa ngumi, viti na vurugu. Na Stunner, lililokuwepo tayari, likabeba uzito wote. Halikuhitaji kumwinua mtu. Lilihitaji mwenzake ajue kuanguka. The Rock alikuwa bingwa wa kulipokea: akiachiwa anadunda nyuma, anasimama kama anayetaka kutoroka, miguu inamkataa, anatupwa chali hadi karibu na kamba. Austin amefanya kazi ya sekunde moja, Rock amefanya kazi ya sekunde tano, na sifa zote zinakwenda kwa Austin. Baada ya shingo kadhaa kuumia, kampuni yenyewe ikawazuia wanamieleka wake kuwageuza watu kichwa chini namna ile, isipokuwa Undertaker na Kane waliopewa ruhusa.

Big Show nitampitia haraka. Futi saba, zaidi ya kilo 200 kwa matangazo yao. Alianza 1995 kwa kuwakamata watu koo, kuwainua na kuwabwaga. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 alikuwa anamaliza kwa ngumi moja. Ngumi! Watu walisema amekuwa mvivu. Mimi nasema jitu lililochoka magoti lilitumia akili.

John Cena hakubadilisha pigo, alibadilishiwa jina. Mwaka 2003 alipokuwa kijana wa matusi na mashairi ya rapu, alimbeba mtu mabegani na kumtupa, akaliita pigo hilo kwa herufi mbili zenye tusi la Kizungu, akimkejeli mwanamieleka mwenzake Brock Lesnar. Mwaka 2008 kampuni ikaamua maonyesho yake yawe ya kutazamwa na watoto. Fulana za Cena zilikuwa zinauzwa kwa watoto. Basi tusi likaondoka, pigo likaitwa kurekebisha tabia. Jambo lenyewe ni lile lile, mabega yale yale, ila sasa mzazi anaweza kununua fulana bila aibu.

Huku kwetu mapigo haya yalikuwa na maisha yake. Katika mabweni ya wavulana, magodoro yalishushwa sakafuni Ijumaa usiku na vitanda vya deka vikawa kamba za ulingo. Aliyerushwa kutoka deka ya juu alikuwa daima kijana wa kidato cha kwanza. Na hata pale, bila mwalimu, mapigo yalichujwa. Tombstone ilijaribiwa mara moja. Mtu alishinda wiki nzima amegeuza shingo upande mmoja, haikurudiwa. Last Ride ilishindikana kwa sababu hakuna aliyekuwa na mgongo wa kumbeba mlaji wa githeri hadi juu. Stunner ilidumu muhula baada ya muhula. Zile zilizodumu ndizo zile zile wanamieleka walizozeeka nazo, na sababu ni moja.

Siku hizi kijana wa Runyenjes hahitaji benchi wala kanda. Anatazama kwenye simu, na kati ya vipande hivyo vipo vya Mukono, Uganda, ambako tangu 2023 vijana wamekuwa wakirushana kwenye ulingo wa matope uliozungushiwa nguzo za mianzi. Uganda ya kweli, hatimaye, bila ngozi ya chui. Matope ni laini, hivyo wanathubutu kujirusha kutoka juu kuliko tulivyothubutu sisi bwenini. Wengi wao wamejifunza mapigo kwa kuwatazama hao hao akina Undertaker. Nangoja kuona watakayoyabakisha wakifika miaka 40.

Na ukitaka kujua anayepigwa ana kazi kiasi gani, nenda Kongo. Kule Kinshasa kuna mieleka ya kutumia dawa, na mtu kama Edingwe alijenga jina kubwa kwayo. Anatoa hirizi, anaitikisa, na mwenzake aliye mita mbili mbali anatetemeka, anajishika tumbo, anaanguka. Hakuguswa. Wamarekani walichukua miaka 30 kupunguza uzito wa mapigo, hatua kwa hatua. Wakongo walimaliza safari hiyo kwa mkupuo mmoja.

Undertaker naye alifika karibu na hapo, ila kwa njia ya maumivu. Aprili 2017, akipambana na Roman Reigns, jaribio la kugeuzana kichwa chini lilishindikana. Waliyumba, wakaanguka pamoja. Juni 2019 mjini Jeddah alikutana na Goldberg, mmoja ana miaka 54 na mwingine 52. Goldberg alimwinua, mikono ikamkataa, Undertaker akashuka karibu na kichwa. Nilitazama nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Pambano lake la mwisho lilirushwa Aprili 4, 2020, wakati wa korona, bila mtazamaji hata mmoja, kwenye seti ya makaburini usiku. Alikuwa na miaka 55. Hakumgeuza AJ Styles kichwa chini. Alimsukumia kaburini kwa teke, akapanda kwenye trekta, akamwaga udongo.

Na kama bado unashuku kwamba pigo ni la anayelipokea, tafuta Aprili 3, 2022, Arlington, Texas. Austin ana miaka 57. Usiku uliotangulia amepigana na Kevin Owens, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akilitumia Stunner hilo hilo kama lake, na amemmaliza kwalo likaonekana safi, kwa sababu Owens anajua kuanguka. Usiku wa pili anapanda ulingoni Vince McMahon, bosi wa kampuni wakati huo, miaka 76. Austin anampa bia, anampiga teke la tumbo. McMahon badala ya kuinama mbele anarudi nyuma akijikwaa. Austin anamfuata, anamvuta, anamkumbatia kichwa, anakaa chini. Bosi anabaki hajui aende wapi, anapiga magoti kwanza, kisha analala taratibu kama anayetafuta miwani yake. Austin yuko pembeni, anacheka.